Jinsi ya Kupima Mapafu kwa Ultrasaundi kwa Mgonjwa wa Dharura Anayeshukiwa Kuwa na Maambukizi ya Virusi

Mgonjwa anapofika idara ya dharura akiwa na homa, kikohozi na pumzi fupi, mhudumu hukabiliwa na maswali mawili kwa mpigo. La kwanza ni iwapo mgonjwa ana virusi vinavyoweza kuenea kwa wengine. La pili ni iwapo mapafu yake yameshaathirika kiasi cha kuhitaji oksijeni, kulazwa au kuangaliwa kwa karibu. Swali la kwanza hujibiwa na maabara. La pili ndilo linaloihusu ultrasaundi, ambayo hulijibu kando ya kitanda, kwa dakika chache, bila mionzi na bila kumsukuma mgonjwa kwenye korido hadi chumba cha eksirei. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, maofisa tabibu na wauguzi wa dharura ambao wamekwisha kuishika proba (kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea mawimbi ya sauti) mara kadhaa na sasa wanataka utaratibu wa kuaminika wa kumpima mgonjwa wa namna hiyo.

Kipimo hiki kinajibu nini

Hili lisemwe mapema, kwa kuwa makosa mengi huanzia hapa: ultrasaundi haitambui kirusi. Virusi vya UVIKO-19, vya homa ya mafua na vile vya RSV (vinavyoshambulia njia za hewa, hasa za watoto wadogo) vyote huweza kuliacha pafu na alama zinazofanana, na alama hizo hizo huonekana katika magonjwa ambayo hayahusiani na virusi hata kidogo. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima ushahidi wa tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti za watu walioshukiwa kuwa na UVIKO-19, yalikadiria kwamba ultrasaundi iliwagundua takriban asilimia 89 ya waliokuwa na ugonjwa huo, lakini iliwaondolea shaka asilimia 72 tu ya wasiokuwa nao. Maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wasio na ugonjwa, karibu 28 wangehesabiwa kimakosa kuwa wanao. Kwa upande mwingine, mtu aliyeanza kuumwa jana, ambaye virusi vyake bado vimo puani na kooni, anaweza kuwa na mapafu safi kabisa kwenye skrini. Kwa hiyo pafu safi halimtoi mgonjwa kwenye chumba cha kutengwa, na pafu lenye kasoro halichukui nafasi ya sampuli ya pua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Juni 2020 kuhusu picha za kifua na UVIKO-19, lilishauri picha hizo zisaidie kutambua ugonjwa pale kipimo cha PCR (cha maabara, kinachotafuta chembe za urithi za kirusi) kinapokosekana, majibu yake yanapochelewa, au yanapotoka hasi ilhali dalili bado zinatia shaka kubwa.

Kinachoipa ultrasaundi thamani yake ni kuonyesha kama pafu limeanza kupoteza hewa, mahali gani, kwa kiasi gani na kwa mpangilio upi. Mpangilio huo ndio wenye uzito kuliko alama yoyote moja, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kuutafuta na kuusoma.

Pafu lenye afya limejaa hewa, na hewa huyarudisha nyuma karibu mawimbi yote ya sauti pindi yanapofika kwenye pleura, yaani utando unaolifunika pafu. Ndiyo maana chini ya pleura ya mtu mzima wa afya hatuoni pafu lenyewe bali mwangwi. Uvimbe wa nimonia ya virusi unapoanza, kuta za vifuko vya hewa hunenepa kwa majimaji, hewa hupungua, na mawimbi hupata upenyo wa kuingia na kunaswa humo, yakirudi kwenye proba kama miali mieupe inayoshuka. Hewa ikitoweka kabisa, pafu huanza kuonekana kama nyama, likifanana na ini. Nimonia nyingi za virusi huanzia kwenye pembe za nje za pafu, karibu na pleura, na kwa bahati nzuri huko ndiko ultrasaundi inakoona vizuri zaidi. Kidonda kilichojificha katikati ya pafu, kikiwa kimezungukwa na hewa pande zote, hakitaonekana hata kwa mpimaji hodari.

Maandalizi kabla ya kuingia chumbani

Andika swali lako kabla ya kuvaa glavu. "Kuna nimonia?" ni swali pana mno. Maswali yanayofaa ni kama haya: je, upungufu huu wa oksijeni unaelezwa na mapafu, au nitafute donge la damu kwenye mishipa ya mapafu? Je, haya ni maji ya moyo kushindwa kufanya kazi au ni uvimbe wa maambukizi? Je, mgonjwa huyu anayeonekana mzima ana eneo kubwa la pafu lililoathirika ambalo litanifanya nisite kumruhusu arudi nyumbani? Mpimaji anayeingia na swali hutoka na jibu. Anayeingia kutazama tu hutoka na picha nyingi asizojua la kuzifanyia.

Pamoja na swali, jua siku ngapi zimepita tangu dalili zianze, kiwango cha oksijeni kabla ya kuongezewa, idadi ya pumzi kwa dakika, na magonjwa ya zamani. Mgonjwa mwenye makovu ya mapafu, mwenye moyo dhaifu, au anayesafishwa damu kwa sababu ya figo na amekosa zamu yake, atakuwa na miali mieupe hata asipokuwa na kirusi chochote.

Kwa upande wa kinga, mashine ndogo ya kushika mkononi ina faida kubwa kwa sababu yote huweza kufunikwa na kusafishwa. Ukitumia mashine kubwa ya magurudumu, toa proba na nyaya usizozihitaji, funika skrini na kibodi kwa plastiki, na uvike proba mfuko wake. Tumia jeli ya pakiti ya kutumia mara moja. Chupa ya jeli inayozunguka kutoka kitanda hadi kitanda hubeba vimelea kama mkono usionawiwa. Panapokuwa na watu wa kutosha, mmoja apime na mwingine aguse mashine na kurekodi, ili mkono uliogusa mgonjwa usiguse vitufe. Vaa vifaa vya kujikinga kama utaratibu wa kituo chako unavyoagiza, mpe mgonjwa barakoa ikiwa anaivumilia, na usimame ubavuni au nyuma yake kila inapowezekana. Kwa kuwa sehemu muhimu zaidi ya kipimo hiki iko mgongoni, nafasi hiyo inakulinda na inakupa picha bora kwa wakati mmoja.

Kuchagua proba na kupanga mashine

Proba ya mviringo, yenye masafa ya takriban megahezi 2 hadi 5, inatosha kwa kazi nyingi: huona pleura, huona kina, na huonyesha maji chini ya pafu. Proba bapa, ya megahezi 7 hadi 12 au zaidi, huonyesha pleura kwa undani mkubwa na inafaa kwa watoto, kwa watu wembamba, na pale unapotaka kuhakiki kasoro ndogo uliyoishuku. Proba ndogo ya moyo inatumika ikiwa ndiyo iliyopo, ingawa picha yake ya pleura ni hafifu.

Weka kina cha sentimita 8 hadi 12 kwa mtu mzima wa wastani na uongeze kwa mwenye kifua kinene. Shusha kitovu cha picha hadi usawa wa pleura. Kisha fanya jambo ambalo wengi hulisahau: zima vichujio vya kulainisha picha, vikiwemo vya kuchanganya pembe kadhaa na vya hamoniki. Vichujio hivyo vimetengenezwa ili kuondoa mwangwi, na hapa mwangwi ndio tunaoutafuta. Mashine yenye mpangilio maalumu wa mapafu kwa kawaida hulifanya hilo yenyewe. Isipokuwa nao, anza na mpangilio wa tumbo na uvizime kwa mkono.

Kupitia kifua kwa utaratibu

Utaratibu unaotumika sana hukigawa kifua katika maeneo 12, sita kila upande. Mstari wa mbele wa kwapa hutenga mbele na ubavu, mstari wa nyuma wa kwapa hutenga ubavu na mgongo, na kila sehemu kati ya hizo tatu hugawanywa juu na chini. Utaratibu mwingine, uliopendekezwa na daktari Mwitaliano Gino Soldati na wenzake mwaka 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, una maeneo 14 na unaupa mgongo uzito zaidi. Wowote utakaochagua, ushike huo huo kwa kila mgonjwa, kwa kuwa kipimo cha leo hakilinganishwi na cha kesho ikiwa hakikupita mahali pale pale.

Mgonjwa anayeweza kukaa, mkalishe na umwombe ajikumbatie mabega. Mifupa ya mabega itafunguka na mgongo wa juu utapatikana. Anza mgongoni, chini, pande zote mbili. Nimonia ya virusi mara nyingi hujitokeza kwanza katika maeneo ya nyuma na ya chini, na anayeanza mbele, akaona pafu safi, akachoka, huenda ameukosa ugonjwa wote. Mgonjwa asiyeweza kukaa, mgeuze kidogo upande mmoja kisha mwingine. Asiyeweza hata kugeuzwa, ingiza proba kati ya godoro na ubavu wake kadiri inavyofika nyuma, ukielekeza mwali wa sauti juu kidogo kuelekea kifuani, na uandike kwenye ripoti kwamba mgongo haukuonekana kikamilifu.

Katika kila eneo, weka proba kwa wima, alama yake ikielekea kichwani. Tafuta mbavu mbili zenye vivuli vyeusi chini yake. Kati yake, karibu nusu sentimita chini ya usawa wa mbavu kwa mtu mzima, utaona mstari mweupe unaong'aa. Huo ndio mstari wa pleura, na usianze kusoma chochote kabla hujaupata. Ukishaupata, inamisha proba taratibu hadi mstari ung'ae kwa nguvu kabisa: hapo mwali wa sauti unaipiga pleura moja kwa moja, na mwangwi wake unakuwa wa kweli. Kisha zungusha proba ilale kati ya mbavu mbili ili uone kipande kirefu cha pleura pasipo vivuli vya mifupa. Kaa hapo kwa angalau mzunguko mmoja kamili wa pumzi, rekodi video ya sekunde chache, ndipo uhame.

Kusoma unachokiona

Anza na pleura yenyewe. Kwa mtu mwenye afya ni laini, nyembamba, haikatiki, na huteleza huku na huku kadiri anavyopumua. Uliza mambo matatu: inateleza? Ni laini au ina mikwaruzo? Imekatika mahali? Pleura iliyonenepa, yenye mashimo madogo na mikatiko, ni ishara yenye nguvu kwamba tatizo limo ndani ya pafu lenyewe na halitokani na maji yaliyosukumwa na moyo.

Chini ya pleura laini utaona mistari ya mlalo inayojirudia kwa umbali sawa na ule uliopo kati ya ngozi na pleura. Hii ni mistari A, na inamaanisha kwamba chini ya pleura kuna hewa. Mistari A pamoja na pleura inayoteleza ni pafu lenye hewa yake. Mistari A bila mtelezo inaweza kuwa hewa iliyovuja na kulitenga pafu na ukuta wa kifua, nalo ni jambo la kushughulikiwa mara moja. Ukiona mahali ambapo pafu linaloteleza linakutana na sehemu isiyoteleza, likiingia na kutoka kwa kila pumzi, umekipata kielelezo mahususi cha hali hiyo.

Mistari B ni miali mieupe ya wima inayoanzia kwenye pleura, ikashuka hadi mwisho wa skrini bila kufifia, ikaenda sambamba na mtelezo wa pafu na kuifuta mistari A inapopita. Masharti hayo yote yatimie. Miali mifupi inayofifia katikati ya njia haina maana ya kiugonjwa. Mmoja au miwili katika nafasi ya mbavu inaweza kuwa ya kawaida, hasa chini ya mgongo na kwa wazee. Mitatu au zaidi katika nafasi moja si ya kawaida, kama yalivyoeleza makubaliano ya kimataifa ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2012. Ikizidi, huungana na kuwa pazia jeupe.

Sehemu za pafu zilizopoteza hewa kabisa huonekana kama vipande vya kijivu au vyeusi. Katika nimonia ya virusi mara nyingi ni vidogo, chini ya sentimita moja au mbili, vimekaa chini kidogo ya pleura, na mpaka wao wa ndani umechanika chanika. Vipande vikubwa, vyenye vijitawi vya hewa vinavyometameta na kusogea kwa kila pumzi, huelekeza zaidi kwenye nimonia ya bakteria, iwe peke yake au imepanda juu ya ile ya virusi.

Tazama sasa jinsi mambo hayo yanavyokaa pamoja. Chukulia mgonjwa aliye katika siku ya saba ya homa, oksijeni yake asilimia 92, proba ikiwa mgongoni kulia chini. Kwenye nafasi ya kwanza ya mbavu pleura inang'aa, inateleza, mistari A iko wazi. Unasogea nafasi moja chini. Pleura inaendelea laini kwa sentimita mbili, kisha ghafla inakatika. Hapo pana kishimo cheusi kisichozidi ukubwa wa punje ya dengu, na kutoka kwenye ukingo wake wa chini mwali mpana mweupe unashuka hadi mwisho wa skrini, ukiwaka na kuzimika kadiri pumzi inavyouleta na kuuondoa. Pembeni yake, ndani ya nafasi hiyo hiyo, pleura inarudi kuwa safi. Unahamia kushoto na kukuta mandhari ya aina hiyo, ila si mahali sawa na kulia. Mbele, pande zote mbili, pafu ni safi. Huu mchanganyiko wa madoa na sehemu zilizosalimika, pande zote mbili lakini bila ulinganifu, wenye pleura iliyochakaa, na wenye maji kidogo au pasipo maji kabisa kati ya tando, ndio mpangilio unaoiunga mkono nimonia ya virusi.

Magonjwa yanayofanana nayo

Mshindani mkuu ni moyo ulioshindwa. Mistari B yake hutawanyika kwa ulinganifu pande zote mbili, huongezeka kadiri unavyoshuka, pleura yake hubaki nyembamba na laini, na mara nyingi kuna maji chini ya mapafu yote mawili. Usiishie kwenye mapafu: sogeza proba, tazama moyo unavyobana na mshipa mkuu wa chini unavyojaa. Uamuzi huu una matokeo makubwa, kwa kuwa dawa ya kukojosha inayomwokoa mmoja inaweza kumkausha mwingine bure. Wapo pia wagonjwa wenye yote mawili, ambao maambukizi yameuelemea moyo wao dhaifu, na kwao mpangilio utakuwa mchanganyiko.

Makovu ya zamani ya mapafu huleta pleura yenye mikwaruzo na mistari B mingi, na picha moja haiwezi kuyatenganisha na nimonia mpya. Tafuta eksirei au sitiskani za awali na umuulize mgonjwa pumzi yake ilikuwaje mwezi uliopita. Kifua kikuu kilichosambaa, na nimonia ya kuvu aina ya Pneumocystis kwa mtu mwenye kinga dhaifu, navyo hujaza mapafu mistari B, kwa hiyo hali ya VVU na muda wa kikohozi viulizwe kila mara. Donge la damu kwenye mapafu huweza kuacha kipande kidogo chini ya pleura kinachofanana sana na kile cha virusi, lakini mara nyingi zaidi mapafu ya mgonjwa huyo huonekana safi.

Hapo ndipo ultrasaundi inapotoa taarifa ambayo naiona kuwa ya thamani kuliko zote: mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa oksijeni na mapafu safi. Utaratibu wa BLUE, wa kutafuta kwa ultrasaundi chanzo cha kushindwa kupumua ghafla, aliouchapisha daktari Mfaransa Daniel Lichtenstein mwaka 2008, ulionyesha njia ya kufuata. Pafu likiwa na mistari A na mtelezo mzuri, shuka miguuni ukabonyeze mishipa ya vena ya kinena na ya nyuma ya goti. Vena isiyobonyea imeziba, na donge la damu kwenye mapafu linakuwa mshukiwa mkuu. Vena zikiwa nzuri, fikiria pumu au ugonjwa sugu wa njia za hewa, ingawa donge la mapafu bado halijaondolewa kabisa. Mgonjwa wa namna hii akipewa jina la "virusi" kwa sababu tu msimu ni wa virusi, anaweza kupotea mikononi mwetu.

Kutoka kwenye picha hadi uamuzi

Wengi hutumia alama za 0 hadi 3 kwa kila eneo: 0 ni mistari A, au mistari B isiyozidi miwili; 1 ni mistari B mitatu au zaidi iliyoachana; 2 ni mistari B iliyoungana; 3 ni pafu lililopoteza hewa kabisa. Katika maeneo 12 jumla ya juu ni 36. Jumla hiyo inafaa kwa kufuatilia mgonjwa yule yule na kwa kuzungumza na wenzako kwa lugha moja, lakini isikufanyie uamuzi. Jumla ya 12 inayotokana na vipande viwili vikubwa na mistari iliyotapakaa kidogo haielezi ugonjwa ule ule na jumla ya 12 ya madoa madogo kila mahali.

Uamuzi hutoka kwenye picha na mgonjwa kwa pamoja. Kwa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani huhesabu ugonjwa kuwa mkali pale oksijeni inapokuwa chini ya asilimia 90 bila kuongezewa, au pumzi zinapozidi 30 kwa dakika kwa mtu mzima. Mgonjwa wa hivyo anahitaji oksijeni na kulazwa, hata skrini ikiwa safi vipi. Anayepumua kwa utulivu, oksijeni yake ni nzuri akiwa amepumzika na haishuki akitembea kidogo, na mapafu yake ni safi hadi mgongoni, anaweza kurudi nyumbani akiwa na maelekezo ya wazi ya lini arudi. Kati ya hao wawili yupo yule anayeonekana mzima lakini ana mistari iliyoungana katika maeneo mengi ya nyuma. Huyo ndiye ambaye kipimo hiki kimegunduliwa kwa manufaa yake: mtembeze, pima tena oksijeni, hesabu yuko siku ya ngapi, na usiharakishe kumruhusu ikiwa ndio kwanza anaingia wiki ya pili, kipindi ambacho UVIKO-19 umejulikana kuwabadilikia wagonjwa ghafla.

Kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anayezorota ghafla, geuza mpangilio: anza mbele, juu, pande zote mbili, ukitafuta mtelezo. Mtelezo ukipotea kushoto baada ya kuingiza mrija wa kupumulia, huku pleura ikitikisika kwa mapigo ya moyo, huenda mrija umezama upande wa kulia. Mtelezo ukipotea pasipo mtikisiko wowote wala mstari B hata mmoja, shuku hewa iliyovuja na utende kulingana na hali ya mgonjwa.

Kwa watoto tumia proba bapa na umpime akiwa amepakatwa. Vipande vidogo chini ya pleura ni vya kawaida katika maambukizi ya virusi ya njia ndogo za hewa, na peke yake haviwi sababu ya kuanza antibayotiki. Tezi ya thaimasi mbele ya kifua cha mtoto mchanga isichukuliwe kuwa pafu lililojaa. Kwa mjamzito, kumbuka tu kwamba kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, kimesukumwa juu, hivyo mwisho wa pafu utaukuta juu zaidi ya ulivyozoea.

Kusafisha, kuandika na kurudia

Kabla ya kutoka, vua mfuko wa proba bila kuitikisa, futa jeli yote kwa karatasi kavu, ndipo upake dawa ya kuua vimelea. Dawa iliyopakwa juu ya jeli haifanyi kazi. Tumia dawa iliyoidhinishwa na watengenezaji wa proba yako, kwa kuwa baadhi ya vimiminika huharibu uso wake, na uiache ikiwa imelowa kwa muda wote ulioandikwa kwenye kibandiko. Waya na sehemu uliyoishika visisahaulike. Rudia kuifuta mashine nje ya chumba, ukiwa umevaa glavu mpya.

Ripoti iwe fupi na ijibu swali ulilolianzia kipimo. Kwa mfano: "Maeneo 12 yamepimwa, mgonjwa akiwa amekaa. Mistari B mingi na vipande vidogo chini ya pleura nyuma chini, kulia na kushoto, bila ulinganifu, pleura imekatika mahali kadhaa, mbele safi, hakuna maji, mtelezo upo pande zote. Jumla 6 kati ya 36. Inaafikiana na nimonia ya virusi. Moyo unabana vizuri. Sampuli ya PCR imechukuliwa." Epuka kuandika "UVIKO-19 umethibitishwa" kwa kutegemea ultrasaundi.

Rudia kipimo pale hali inapobadilika au unapobadilisha tiba, ukipita maeneo yale yale, ukiwa na video za awali mbele yako. Mistari iliyoachana ikianza kuungana, au maeneo ya mbele yaliyokuwa safi yakianza kuchafuka, mwarifu mapema anayehusika na wagonjwa mahututi, kwa sababu mapafu yanaelekea kuishiwa nguvu. Kupona kwenye skrini huchelewa kuliko kupona kwa mgonjwa: mistari B na mikwaruzo ya pleura inaweza kubaki kwa wiki kadhaa kwa mtu ambaye tayari anatembea, anakula na anapumua vizuri, hivyo usimzuie wodini kwa kungojea pafu lake liwe safi.